Kisu cha kukunja cha bei poa cha kutembea nacho kila siku, nichukue hiki au niachane nacho?

fundi_antena

Wakuu habari za mchana. Mimi ni fundi wa madishi na kamera za ulinzi huku Mwanza, nusu ya kazi niko juu ya ngazi na nusu nafungua maboksi, sasa nimechoka na hizi kata za plastiki maana ukiikandamiza kidogo tu wembe unakatika na vipande vinabaki kwenye paa la mtu. Kuna jamaa anauza vifaa mjini kanionyesha kisu cha kukunja, cheusi, kina klipu ya kubana mfukoni na kidude cha kusukuma kwa dole gumba kinafunguka kwa mkono mmoja. Kwenye bapa wameandika neno moja tu, stenlesi, jina la kampuni hakuna. Kaanza na elfu ishirini na tano nimemshusha mpaka kumi na nane na anaonekana bado ana nafasi ya kushuka.

Upande wa pili nina binamu yuko Ufaransa anakuja mwezi ujao, anasema ataniletea Opinel namba 8, kisu cha kukunja cha Kifaransa, kwao ni euro kumi na kitu na kila babu anayo mfukoni. Nimeangalia picha naona mpini wa mti na bapa basi, kama cha kumenyea viazi.

Matumizi: kebo tai, maboksi, selotepu, nyaya za dishi, na embe la mchana. Ninachotaka kisinifungie kidole, kisishike kutu upesi, na niweze kukinoa mwenyewe. Bajeti mwisho elfu arobaini. Tafadhali msinitajie vya laki mbili.

pilato_wa_igoma

Mkuu huu ni ushamba tu wa kwenye vidyo za wazungu. Nunua kata ya bodi la chuma na pakiti ya nyembe nene, ukiwa butu unavunja kipande unaendelea, hakuna cha kunoa. Alafu siku umekutwa saa nne usiku na kisu mfukoni utaanza kumweleza askari habari za dishi?

Babu Kinoo

Pilato kwenye kata una hoja, kwa maboksi na selotepu hakuna kisu kinachoishinda, na hata ukiwa na kisu endelea kuiweka kwenye begi. Ila kata haimenyi embe na haikati kamba nene bila kupinda. Hilo la askari nalo si la kucheka, kisu cha kazi kikae kwenye begi la kazi pamoja na bisibisi na koleo, ukitoka jioni kwenda kuangalia mpira kiache nyumbani.

Sasa fundi nikuambie kitu. Watu wengi wakinunua kisu cha kukunja wanakimbilia kuuliza chuma gani, makali yanakaa mpaka lini. Kwa kisu cha elfu kumi na nane chuma ni swali la tatu. La kwanza ni loki na la pili ni pale katikati bapa linapozungukia, maana kisu butu kitakukera tu lakini kisu kinachojifunga kitakutoa vidole ukiwa juu ya ngazi. Na haya yote unayapima dukani bila kifaa chochote kabla hujatoa hela, muuzaji akikataa usipime ondoka.

Hicho ulichoelezea karibu hakika ni laina loki. Kifungue taratibu uchungulie ndani ya mpini, utaona kibati chembamba kimechomoka upande mmoja kikaegemea kitako cha bapa. Angalia kimeegemea kiasi gani. Kikiwa kimegusa ukingo tu kama anayechungulia mlangoni, hicho kinateleza, kiache. Kikiwa kimevuka mpaka upande wa pili kikakutana na mpini, maana yake kitako au kibati kimekatwa vibaya na kikilika kidogo tu hakuna pa kwenda. Kinatakiwa kiwe kimeingia robo mpaka nusu hivi. Kisha shika mpini vidole vyote vikiwa mgongoni na ubavuni, mbali na ule mfereji ambao bapa linalala, egemeza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa kaunta ukandamize polepole. Usigonge, kuna watu wanagonga wanaharibu loki nzima alafu wanasema kisu kibaya, kandamiza tu uone kibati kinatembea au kimetulia.

Baada ya hapo kishike ncha ya bapa ukitikise. Kikicheza kushoto na kulia si kesi, unakaza skrubu ya katikati kinatulia. Kikicheza juu na chini wakati kimefunguka hapo loki haikai vizuri na hakuna skrubu ya kurekebisha hilo. Mwisho kifunge, ncha iangalie chini, ukikung'ute kama unakung'uta maji mkononi. Bapa likichomoka hata kidogo usikiweke mfukoni, kuna siku utaingiza mkono kutafuta chenji ukutane nalo.

Chuma tutaongea, wacha nikanywe chai.

mtaa_wa_juakali

Boss mimi niko Nairobi nafanya delivery za vitu za ofisi. Hiyo mambo mzee amesema ya loki ni ukweli kabisa. Mimi natumia hizi za Kichina zenye zinaandikwa D2 kwa blade na niko sawa, inakaa sharp wiki mingi, lakini kunoa ni kazi ngumu sana, hiyo chuma ni ile wanatengeneza nayo dai za kukata mabati so jiwe ya kawaida itakusumbua. Na si stenlesi full, ina kromiamu kama asilimia 12 hivi, ukikata ndimu uiweke kwa mfuko bila kupanguza kesho unapata madoa.

Kitu ingine, hii town ukiingia mall askari wa mlango anapitisha ile mashine, kisu ataiona, utabishana naye kwa laini na watu wanangoja nyuma yako. Treni ya SGR usijaribu kabisa, hapo wanaskan begi yote. Mimi siku ya safari naacha kwa nyumba.

By the way kuna mtu hapa anajua kisu ya Okapi? Ile ya ring, ukifungua inalia kra kra kra. Buda wangu alikuwa nayo.

Mkwezi_Tanga

Okapi naijua, iko moja kwetu mpaka leo mpini wa mti umechorwa nyota na mwezi. Watu wanadhani ni kitu cha Afrika Kusini tangu mwanzo, kumbe ni Wajerumani walianza kuvitengeneza 1902 kwa ajili ya kuuza kwenye makoloni yao Afrika, na sisi tulikuwa mojawapo, uzalishaji ulihamia Afrika Kusini 1988 tu. Jina wamechukua kwa yule mnyama wa misitu ya Kongo. Chuma chake ni kaboni ya kawaida, hakina maajabu, kinanoleka hata kwenye jiwe la mtoni lakini kinashika kutu ukikitazama vibaya. Ile pete unaivuta ndiyo inaachia meno kisu kinafunga, loki yake haina usahihi wa hizi za kisasa, bapa linacheza cheza kidogo toka kikiwa kipya. Na huko kwao kina sifa za kihuni, ukikitoa watu wanashtuka. Kwa kazi ya kuingia majumbani mwa watu sikishauri.

Turudi kwa fundi. Opinel usiidharau kwa mpini wa mti. Bapa lake ni sentimita 8 na nusu, jembamba, linapita kwenye embe na kwenye boksi kuliko hivi vyeusi vya kijeshi ambavyo bapa nene linapasua badala ya kukata. Kabla ya binamu hajanunua mwambie kitu kimoja muhimu, ziko aina mbili, ya kaboni na ya inoksi yaani stenlesi, wewe unakaa ziwani akuletee ya inoksi, chuma chake kinatoka Uswidi kinaitwa 12C27, hakina makuu lakini kinanoleka kirahisi na hakishiki kutu ovyo. Ya kaboni ina makali mazuri sana ila ukimenya embe inageuka rangi ya bluu na kijivu siku hiyo hiyo, na huku pwani kwetu ukiisahau usiku mmoja nje asubuhi ina madoa ya kahawia.

Loki yake ni pete tu pale shingoni, waliiongeza 1955, unaizungusha inaziba mfereji bapa haliwezi kurudi. Ni chuma kizito kinachozunguka, hakuna kibati cha kuteleza, kwa hiyo yale majaribio yote ya Babu hapo juu kwa Opinel unaangalia tu pete inazunguka ikakaza basi. Za siku hizi pete inafunga hata kisu kikiwa kimekunjwa, hakijifungui mfukoni.

Tatizo lake ni mti. Masika mti unavimba unabana bapa, unavuta kucha inang'oka kisu hakifunguki. Wenyewe huko milimani Savoie, Ufaransa, wanagonga kitako cha mpini kwenye meza, bapa linatoka kidogo ndiyo unalishika. Mimi nilichofanya nilifungua pete nikapasha nta ya nyuki nikaimimina kwenye ule mfereji na pale kwenye pini nikapangusa iliyobaki, mvua hainisumbui sana sasa.

fundi_antena

Asanteni sana mmenipa darasa. Ila Mkwezi swali, hiyo pete nazungusha kwa mkono wa pili si ndiyo? Nikiwa juu ya ngazi mkono mmoja umeshika nguzo.

Mkwezi_Tanga

Ndiyo, kufungua mikono miwili na pete mkono wa pili. Kuna watu wanajifanya wanaifungua kwa mkono mmoja kwa kuirusha, mbwembwe hizo. Kama shida yako ni ngazi basi Opinel ni ya chini, ya embe na maboksi.

Babu Kinoo

Ahaa hapo sasa ndiyo penyewe, hilo la ngazi ungeanza nalo. Juu ya ngazi unahitaji kufungua na KUFUNGA kwa mkono mmoja na watu wanasahau hiyo ya kufunga. Laina loki ukifunga kwa mkono mmoja dole gumba linasukuma kibati pembeni na kwa sekunde hiyo dole lako liko kwenye njia ya bapa. Kwa hiyo kinavyofunguka kwa mbwembwe isikutie wazimu, pima kinavyofungwa: sukuma kibati, bapa lisogee kidogo, TOA DOLE, ndiyo umalizie kwa kidole cha shahada au kwa kukisukuma kwenye paja. Kama kibati ni kigumu mpaka unalazimisha na dole linauma, kikiachia kitaachia kwa kishindo, hicho kiache.

Habari ya chuma. Neno stenlesi peke yake halisemi kitu, kijiko nacho ni stenlesi. Chukua sumaku ndogo, hata ya spika iliyokufa. Wauzaji wana maneno yao eti haishiki sumaku ndiyo orijino. Kwa sufuria sawa, kwa kisu ni kinyume, stenlesi ya kisu inayoweza kuunguzwa ikawa ngumu inashika sumaku. Bapa likikataa sumaku hilo ni bati la kijiko, utanoa asubuhi mchana limelala. Ikishika bado hujajua kama waliiunguza vizuri, hapo unachukua tupa kuukuu unapitisha kidogo kwenye mgongo karibu na mpini pasipoonekana, ikila kama inakula msumari achana nacho, ikiteleza teleza na kukwaruza kidogo chuma kinafaa. Sijui kama jamaa atakuruhusu lakini kwa elfu kumi na nane jaribu kumwomba.

Ukikuta kimeandikwa 8Cr13MoV hicho ni chuma cha Kichina cha kawaida kabisa, watu wanakisema vibaya lakini kwa mtu anayenoa mwenyewe ni kizuri, dakika chache kwenye jiwe kimerudi. Ukikuta jina la kampuni kubwa ya Marekani na bei ni elfu kumi na tano basi jina limeazimwa, usilipie jina, lipia loki.

mama_wa_leicester

Naingilia kidogo kwa walio Uingereza wanaosoma hapa, msije mkaagiziwa hizi mkatembea nazo. Sheria ya huku ya 1988 kisu pekee unachoruhusiwa kutembea nacho bila sababu ya kueleweka ni cha kukunja, makali yasizidi inchi 3, na KISIWE na loki. Opinel namba 8 inakosa yote mawili, bapa limezidi na pete ni loki. Mimi nina Victorinox ndogo nyekundu, haina loki kwenye bapa kubwa, inashikiliwa na springi tu, ina kifungulio cha kopo na mkasi, imenitosha. Ila jamani kisu kisicho na loki usikitumie kuchimba wala kuchoma kwa ncha, kinakunjika kirudi kwenye vidole, ni cha kukata kwa kuvuta tu.

Na binamu wa Ufaransa akiweke kwenye begi la kupakiwa chini siyo la mkononi, maana watakitupa pale pale kwenye mashine na euro zake zimeenda.

pilato_wa_igoma

Uzi wa kisu cha elfu kumi na nane umefika Uingereza 😂😂 haya endeleeni

fundi_antena

Wakuu mrejesho. Nimeenda dukani na sumaku ya spika. Kile cha kwanza alichonionyesha sumaku imeshika vizuri, nimekung'uta hakijafunguka, bapa likifungwa limekaa katikati. Nikachungulia kibati, kimegusa ukingo tu kama Babu alivyosema, nikaegemeza kaunta nikakandamiza kidogo tu, kibati kikaanza kurudi nyuma tak, bapa likalegea. Na muuzaji anaangalia akabaki ananiangalia mimi kama nimemroga.

Nikamwambia nipe vingine vya aina hiyo hiyo, boksi moja, bei moja. Cha pili kikasimama lakini kinacheza juu chini. Cha tatu kibati kimeingia kama theluthi, nimekandamiza mpaka kaunta inalia hakijasogea, kimecheza pembeni kidogo. Tupa akakataa kabisa, akasema nikitaka kukwaruza nilipe kwanza. Nimelipa kumi na tano.

Kwa hiyo sasa nimekwama kwenye skrubu, ina kichwa cha nyota kidogo sana, bisibisi zangu zote haziingii.

Babu Kinoo

Umeona, boksi moja kiwanda kimoja na vitatu havifanani, ndiyo maana mtu akikuuliza kisu fulani cha bei rahisi ni kizuri huwezi kumjibu mpaka useme kipi, hiki ulichoshika au kile cha jirani yake.

Nenda kwa fundi simu ana bisibisi za nyota za ukubwa wote, jaribu T6 na T8. Kaza mpaka kisicheze halafu legeza kidogo mno bapa lishuke bila kulazimishwa. Itajilegeza tena ndani ya wiki, kwa hiyo ikishakaa sawa itoe, weka tone la rangi ya kucha ya mama watoto kwenye nyuzi zake, rudisha, acha ikauke. Pale bapa linapozungukia weka tone la mafuta ya cherehani, usiweke grisi, kazi yako ni ya vumbi la dari litaganda humo.

Halafu acha kumenya kebo za dishi na hicho kisu. Ule waya wa katikati wa RG6, yaani hizo kebo za dishi, za bei rahisi ni chuma kilichopakwa shaba, ukiuminya na makali unapata pengo unaliona kwa macho. Kuna kile kidude cha kuzungusha cha kumenyea, tumia hicho. Na hiyo klipu na bodi lote ni chuma, kebo ya dishi inabeba volti 13 au 18 haitakufanya kitu lakini ukienda kwenye adapta za kamera hapo ni 230, kisu kibaki mfukoni.

mtaa_wa_juakali

Hiyo ya rangi ya kucha nimechukua. Mimi nilikuwa natumia supa gluu nikashindwa kufungua tena mpaka wa leo.

fundi_antena

Nimepata bisibisi, ilikuwa T6, kimetulia kabisa. Nimekata kebo tai na maboksi mchana wote makali yameanza kukwama kwenye karatasi, nadhani ya kiwandani hayakuwa ya maana. Opinel nimemwambia binamu alete ya inoksi, itakaa kwenye begi na matunda. Hili jiwe la duka la vifaa vya ujenzi la kijivu pande mbili linafaa au nitafute la kuagiza?

Babu Kinoo

La kijivu linatosha, limwagie maji, anza upande wa mchanga mkubwa mara hii moja tu maana makali ya kiwandani huwa yamenenepa, baadaye utakuwa unatumia laini pekee. Pembe usikisie: chukua karatasi ikunje kona ya nyuzi 90 mara moja unapata 45, kunja tena unapata 22, simamisha hiyo karatasi kwenye jiwe na bapa lilale chini yake kidogo. Noa upande mmoja mpaka ukipitisha kidole kwa upande wa pili unasikia kinyuzi kinakwaruza ncha mpaka kitako, ndiyo ugeuze. Watu wanageuza kila mara tatu nne hawapati kitu. Maliza kwa kukivuta nyuma nyuma kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia.

pilato_wa_igoma

Babu hiyo ya karatasi inafanya kazi kwa panga pia?

Babu Kinoo

Panga noa kwa tupa, pembe iwe nene zaidi. Fungua uzi wako mwenyewe.